Vigingi vya Jumapili

Trefedwen,
Mei 1861

Baba mpendwa,

Na wala si sauti yake peke yake iliyoniteka, kama ulivyonitania pale langoni! Ningekujibu palepale, ila farasi alikuwa keshaanza kwenda na Mama alikuwa analia. Basi jibu langu ni hili: ni kweli Ithel akiimba besi kanisani madirisha hutikisika, lakini mimi nampenda hata akiwa amenyamaza. Nampenda hata akikoroma.

Shikamoo, Baba. Kifua chako kimepoa? Mama bado anatoka nje kwenye baridi kuwanywesha maziwa wanakondoo yatima bila shali? Mwambie nimeuliza. Sisi huku tu wazima, tena mimi nimenenepa. Tumepanga chumba juu ya duka la mshona viatu, na kila asubuhi mume wangu hunipikia uji wa shayiri kwa mikono yake mwenyewe. Uji wenyewe una mabonge kama changarawe, nami huumaliza wote nikisema mtamu. Baba, sikujua kama furaha inaweza kujaa katika chumba kidogo hivi!

Sasa habari kubwa. Jumanne mji mzima ulijaa katika ukumbi wa soko kuizindua rasmi reli yetu, ambayo kampuni ya hapa mjini imekuwa ikiipima tangu mwaka jana. Bwana Pugh wa kiwanda cha sufu ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Alisema tumengoja miaka mingi makampuni makubwa yatukumbuke, na hayatatukumbuka, kwa hiyo bonde hili litajijengea njia yake lenyewe mpaka ikutane na reli kuu. Watu walipiga miguu sakafuni hadi vumbi likatimka. Bi Hannah wa nyumba ya wageni, ambaye magari yake ya farasi yatakosa abiria, aliuliza kwa sauti kama treni hiyo nayo itamsubiri Bwana Pugh amalize kinywaji chake, kama dereva wa magari yake hayo anavyomsubiri. Hata Bwana Pugh alicheka.

Kisha ramani ikatandazwa, na vicheko vikaisha. Njia inakwenda vizuri mpaka kwenye kilima, na hapo pana mwanya mmoja tu, kando ya kijito. Mwanya huo ni konde lako la chini, Baba. Bwana Pugh alisema waziwazi kwamba kampuni ya wafuma sufu na wachunga kondoo haina nguvu ya kutoboa kilima. Bila konde lako hakuna reli. Mtu mmoja nyuma akasema kumwomba Mzee Cadwaladr ni bure, afadhali kukiomba kilima kisogee. Mwingine akasema wewe unasubiri bei ipande. Wa tatu akasema wewe ni mtu wa zamani na chuma kinakutisha.

Damu ilinichemka! Nilipanda juu ya benchi, mbele ya wanaume wote. Niliwaambia kwamba baba yangu ndiye anayevusha sufu yake mlimani kwenye theluji, na anajua faida ya reli kuliko wao wanaokaa karibu na moto. Nikawaambia kwamba kiangazi kilichopita watu wa kampuni waliingia kondeni kwake bila hodi, Siku ya Bwana, yeye akiwa kanisani anasoma sala. Walikanyaga nyasi zilizokuwa karibu kukatwa, wakapigilia vigingi vya kupimia njia ya reli, na mpaka leo hakuna aliyekuja kusema samahani. Wao wanamwongezea bei tu. Nikawauliza: mtu mkimzaba kofi, ndipo mnamuuliza anauza shavu lake kiasi gani?

Bwana Pugh alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Alisema wapimaji kila mahali hupima Jumapili, wenye ardhi wakiwa kanisani, kwa kuwa siku nyingine hufukuzwa. Lakini akakiri kwamba kwetu sisi lilikuwa jambo la aibu. Akauliza ni nani aliyefanya hivyo, bila shaka ni vijana wa kutoka mji mkubwa.

Hapo Ithel akasimama.

Ndiyo, Baba. Yule mtu aliyeruka ukuta huku mbwa wetu Pero ananing'inia kwenye mkia wa koti lake ndiye mkweo. Wewe uliporudi kutoka kanisani ulimwona mgongo tu. Mimi mwenyewe nilijua baada ya harusi, nilipokuta kiraka kwenye koti nikauliza, naye hakunificha. Alisema alikusudia kukueleza siku ile alipokuja kuniposa, lakini wewe ukatangulia kusema kwamba kijana anayemwimbia Mungu hivyo hawezi kuwa na jambo baya ndani yake, naye akaona aibu kukwambia. Nilimkasirikia kweli. Uji wa siku ile nilimwambia ni mbaya.

Lakini ungemwona pale ukumbini! Alisema kampuni iliyomwajiri kupima ndiyo iliyomwamuru, ila mguu uliokanyaga ulikuwa wake. Alisema atakuja kwako kuomba ruhusa ya kung'oa vigingi vile kwa mkono wake, na kwamba ukikataa njia ipimwe tena humo, yeye atakuwa wa kwanza kuiambia kampuni iache. Mkutano ukakubali kungoja neno lako.

Nakuandikia haraka kabla mchukuzi wa mizigo hajakufikishia habari hii na chumvi yake. Walinisihi niwaahidi kwamba utakubali, nikakataa. Neno la baba yangu ni lake. Niliwaahidi kitu kimoja tu, kwamba mtu akija kwa adabu, baba yangu humsikiliza. Hilo nalijua kama ninavyolijua jina langu, na ndiyo maana nalala usingizi mzuri.

Mbusu Mama, na umwambie mdogo wangu Huw kitabu chake cha nyimbo ninacho mimi. Kabla mwezi huu haujaisha tutafika, siku ya kazi, mchana kweupe. Mimi nitapitia jikoni kwa Mama. Ithel atasimama nje ya lango mpaka wewe mwenyewe umwambie apite.

Mwanao akupendaye,
Lowri, mke wa Ithel