Kaseti ya Gharib Kutoka Visimani

Harusi, shoga yangu, nimeumbuka! Nimeumbuka mbele ya wakwe!

Wamekuja kumposa mjukuu wangu. Kaka yangu Mahadhi akasema babu wa binti naye awepo, japo kwa sauti, akaitia redioni ile kaseti mume wangu Gharib aliyonitumia kutoka Marekani mwaka 1986, kabla hajafia huko kazini.

Wageni wangoja dua. Wapi! Marehemu yuaeleza visima vya mafuta! Ati kisima kikichoka, wao hukisukumia hewa ya kaboni, hii hii ya kwenye soda, na mafuta yaliyong'ang'ania mwambani hulegea yakatoka. "Watu husema kimekauka, kumbe bado kina kitu."

Mgeni mmoja akaanza kucheka. Hapo Gharib akaita, "Hafidha, wanisikia?" Kisha akanyamaza, shoga. Akaniachia nafasi nijibu, kama alivyofanya katika kila kaseti.

Nami nikaitika. Kwa sauti! "Labeka!" Mbele ya wakwe, Harusi, labeka!

 Mjukuu akaizima redio.

Sasa wameshakwenda wote. Nimeiwasha tena, niko peke yangu. Akiita, naitika. Lakini yeye aendelea tu na visima vyake.