Mume Aliyesimama Uani

Delta, Utah,
Jumanne, 13 Oktoba 1987.

Mpendwa mdogo wangu Thayne,

Pokea salamu zangu kutoka jangwani. Hujambo? Ishbel na mtoto hawajambo? Kifua chako kimepona, au baridi ya huko Uskochi bado inakuandama? Sisi huku tu wazima. Mama anatembea vizuri tangu alipopasuliwa nyonga, ila haambiliki. Nasikia hivi majuzi alipanda ngazi kuchuma matufaha ya mwisho, na Baba Mdogo Orrin alipomkemea, akamtupia moja la kichwa.

Mimi niko njiani tangu Septemba. Chuo kimenipa ruhusa, nami nazunguka vijiji vya magharibi, vile walivyovichimbia mifereji babu zetu na ambavyo sasa vimebaki nyumba tatu nne, nikiwasikiliza wazee wakieleza imani yao. Nilitegemea kurudi na kitabu. Sasa sijui narudi na nini.

Jambo lililonishikisha kalamu lilitokea Jumapili, katika kijiji kiitwacho Harlan Wells. Kanisa la pale limefungwa, mti umeota katikati ya ngazi zake. Muumini aliyebaki ni Dada Verla Etcheto, bibi wa miaka themanini na kitu. Alinitazama juu mpaka chini, akaniuliza kama ni mimi ninayelipwa kusikiliza vizee. Nikamwambia ndimi.

"Basi kula kwanza. Umesoma mpaka umekonda."

Akanipakulia viazi vya jibini, vile vyetu vya msibani, na pichi za chupa. Tukaomba, tukala, nikawasha kinasa sauti.

Alinisimulia juu ya mumewe, Beltran, Mbaski kutoka Ulaya aliyekuja kuchunga kondoo milimani. Alikuwa Mkatoliki. Kila Jumapili alimpeleka mkewe kanisani, akabaki nje ndani ya gari na chupa yake ya kahawa mpaka ibada iishe. Wanaume walimtania wakipita kwamba maji ya kumbatizia yameshapashwa moto. Yeye alikuwa akiwajibu wayatumie kuogeshea kondoo. Verla alimpikia kahawa hiyo miaka yote ya ndoa yao na, kwa kuwa imani yetu inaikataza, hakuwahi kuilamba.

Beltran alipougua, alimshika mkono akamwambia, "Nikifa usipeleke jina langu hekaluni. Niache na watu wangu." Verla hakuitikia wala hakukataa. Beltran alipofariki, mkewe akasubiri mwaka upite, kisha akapeleka jina. Mpwa wake akabatizwa, akazamishwa majini kwa niaba ya Beltran, kama tunavyowafanyia wafu wetu, na Verla akaunganishwa naye kwa milele. Huna haja ya kuelezwa kwa nini. Wewe na mimi tumenyonyeshwa hofu ile ile, kwamba ndoa isiyofungwa hekaluni inaishia kaburini.

Hapo akaniambia nizime kinasa sauti.

"Anakuja," alisema. "Jumapili, saa kama hizi. Anasimama pale uani, mgongo kwa mlango. Haingii. Simwoni vizuri, lakini naisikia harufu ya kahawa yake."

Thayne, sikutaka kunusa, lakini nilinusa. Mchana mweupe, jua kali, katika nyumba ambayo haikuwa na punje ya kahawa, harufu iliingia dirishani nzito kabisa, kama mtu anamimina kikombe barazani. Nilitafuta sababu, maana ndiyo kazi yangu. Jirani wa karibu yuko mbali, na upepo ulikuwa umetulia.

Verla aliniona nilivyobadilika uso. Akaniuliza polepole, "Wewe umesoma haya mambo. Mtu aliyekwisha kufa anaweza kukataa?"

Nilimpa jibu la kweli, lile tulilofundishwa. Tunachofanya hekaluni ni kumpelekea mtu zawadi. Akitaka anaipokea, asipotaka anaiacha. Nimelifundisha darasani mara nyingi bila sauti kutetemeka. Siku ile ilitetemeka.

"Basi amekuja kukataa," alisema, "na mimi nimejifanya sisikii."

Akanyanyuka. Nilitaka kumshika mkono, akaniondoa. Alifungua mlango, akasimama kizingitini na aproni yake, akazungumza na ule uwanja mtupu kama mtu anavyozungumza na mumewe.

"Beltran, nimekusikia. Nenda kwa watu wako. Sikudai tena."

Harufu ilikuwepo, kisha haikuwepo. Sina namna nyingine ya kulieleza.

Verla alikaa kwenye ngazi. Nami nikakaa kando yake. Akasema, "Sasa huko mbinguni nitakuwa na nani?" Nilijaribu kusema neno la faraja. Akatikisa kichwa, akaniomba nimsaidie kuosha vyombo.

Tangu hapo silali vizuri. Nawafikiria wale marehemu wote tuliozamishwa kwa ajili yao ujanani, wewe na mimi, tukiwa na kanzu nyeupe, majina yakisomwa mbiombio, maji yakituingia puani, nasi tukicheka njia nzima kurudi nyumbani. Kuna mmoja namkumbuka, Maren Iversdatter wa Denmark. Mpaka Jumapili ile niliamini nilimfungulia mlango. Huenda nilifungua. Bado naamini, Thayne, sijaacha. Lakini nikifumba macho namwona amesimama mahali, na simwoni uso.

Sasa nikuambie lililobaki. Kabla sijasafiri, Mama aliniita chumbani. Anajua hukanyagi kanisani tena na kwamba uliandika kuomba jina lako litolewe kwenye orodha ya waumini. Aliniomba niahidi kwamba ukitangulia kufa, nitashughulikia kila kitu hekaluni, usije ukakosekana kwenye familia huko tuendako. Nilimwambia nitafikiri.

Jana nilimpigia simu. Nilimwambia siwezi kuahidi. Akasema, "Mimi nimemzaa, Ilene. Nitamwachaje?" Alikuwa analia, na mimi nikalia. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Muulize mwenyewe. Mimi naogopa jibu lake."

Kwa hiyo nakuuliza. Usinijibu kwa utani wako, wala usiniandikie ninachotaka kusikia. Niambie unachotaka wewe, na nitakitetea hata mbele ya Mama. Naogopa jibu lako kama yeye anavyoliogopa. Lakini nataka kulisikia kwa mdomo wako, ungali hai, nami ningali na masikio.

Nisalimie sana Ishbel, na umbusu mtoto kwa niaba ya shangazi yake asiyemjua. Baba Mdogo Orrin anakusalimu. Mama hakusema salamu, ila anakufumia soksi za sufu.

Mungu akulinde baharini na nchi kavu, na akupe moyo mtulivu.

Ni mimi dada yako, ambaye hapitishi siku bila kukutaja,
Ilene