Mguu wa Kulia Unasubiri Jina

Chumba cha mwisho,
Nyuma ya karakana ya seremala.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa binamu yangu Mapua,

Pokea salamu nyingi, kubwa kuliko hiyo pua yako, na hapo nimesema kubwa. Hujambo? Shemeji hajambo? Presha yake imeshuka, au bado inapanda kila ukiingia mlangoni? Mimi ni mzima kama chuma. Alhamisi nimetembea kwa miguu yangu mwenyewe kutoka hapa hadi hospitali, kwenda na kurudi, bila kupumzika, na njiani nikawapita vijana wawili.

Basi, uongo. Unanijua, ungenicheka bure. Nilipanda teksi, na kutoka getini hadi dirisha la kuandikisha nilikaa chini mara tatu. Vijana wawili niliwapita kweli, lakini walikuwa wamesimama.

Ni miguu, binamu. Vidole gumba vyote viwili vimewainamia wenzao kama wambea wanaonong'ona, na pembeni imeota nundu ya mfupa, nyekundu, haitaki kuguswa hata na shuka. Hiyo naivumilia. Nisiyoiweza iko mguu wa kulia, chini, kati ya kidole cha tatu na cha nne. Daktari anasema mshipa wa fahamu umebanwa hadi ukavimba. Kwangu mimi ni kokoto. Nikitembea nalikanyaga, nikivua kiatu nikakikung'uta, hakuna kitu. Nimekikung'uta kiatu kile mpaka chenyewe kimechoka.

Unakumbuka sifa yangu pale kibandani: viatu vya Soli having'ati. Bwana harusi anavaa asubuhi, anacheza mpaka jioni. Siri yake mliijua wewe na marehemu mama watoto tu. Nilikuwa navivaa mimi kwanza. Kila jozi mpya, siku mbili nzima, nikishona ninavyo miguuni, nikiinuka kuchukua gundi ninavyo, mpaka ngozi ilegee. Namba saba, namba sita na nusu, hata vya kina mama vyenye ncha kama kalamu. Usicheke, nilikuwa nafunga mlango. Mguu wangu ni namba tisa.

Nilipomweleza daktari, aliweka kalamu chini. "Mzee, kwa miaka mingapi?" Nikamwambia arobaini na mmoja. "Na ule mguu wa mbao wa mafundi viatu, wa kutanulia ngozi, ulikuwa huna?" Ninao mpaka leo, nikamwambia, lakini mguu wa mbao hausemi panapouma.

Daktari mwenyewe ni msichana wa kuitwa mjukuu, maneno machache na mikono ya baridi. Kwanza alinivalisha viatu vipana na kunipa vitambaa vya kuweka ndani. Halafu sindano. Sindano ilinipa miezi miwili ya raha, kisha kokoto likarudi na ndugu zake. Sasa anasema kilichobaki ni kisu. Mfupa ataukata, aunyooshe, aukaze kwa skrubu mbili. Ule mshipa atautoa kabisa, na vile vidole viwili vitabaki na ganzi siku zote. Maumivu yatapungua sana, anasema, ila hakuniapia kwamba yataisha. Wa kulia kwanza. Wiki mbili sikanyagi kabisa, nne nyingine natembelea kisigino. Nimepigilia soli za watu misumari umri wangu wote, sasa naona zamu imefika.

Nilitaka kukataa. Umri huu mtu anakarabati nini, na mnunuzi hayupo?

Lakini wiki iliyopita mtu alipiga hodi. Nilikuwa nimelala. Nikaitikia, nikatafuta ndala, nikashika meza, nikashika ukuta, nikafika, nikafungua. Hakuna mtu. Mpaka leo sijui alikuwa nani. Labda alikosea mlango. Lakini nilisimama pale muda mrefu, naangalia kulia na kushoto, kama mwenye shughuli anayesubiri wageni mia.

Hata kwa kinyozi siendi siku hizi. Ni hatua mia mbili tu. Kiti changu cha drafti wamempa fundi saa, mtu asiyeona hata kete anazoliwa. Kinyozi mwenyewe alinipigia kelele kutoka barabarani: "Mzee Soli! Tangu uache kuja hatuna mtu wa kumtukana!" Binamu, mwaka huu sijaambiwa neno tamu kuliko hilo.

Basi nimekubali. Ni Jumanne, tarehe nane Aprili. Mshonaji wa chumba cha pili, mama mmoja mkali kama sindano yake, amesema ataniletea chakula asubuhi na jioni, ila nisimfundishe kupika. Nimeahidi. Nimeumia, lakini nimeahidi.

Kilichokwama ni fomu. Kuna mstari unaotaka jina la ndugu na namba yake, mtu watakayempigia asubuhi ile kabla hawajanilaza, na tena wakimaliza. Bila jina hawanigusi. Mshonaji hawamtaki, wanataka ndugu. Nesi akasema, "Andika, mzee," nami mkono ukaandika wenyewe. Akaipiga ile namba pale pale kuhakikisha, sauti juu, tukasikia wote:

"Haloo! Unataka wa mayai au wa nyama?"

Kijana muuza kuku. Nesi akanitazama. Nilikuwa nimeandika jina la mama watoto, binamu. Miaka minne yuko ardhini, na namba yake nimeiandika yote bila kukosea hata tarakimu moja, kumbe watu wa simu walishampa mwingine. Nikamwambia nesi, "Muulize trei ya mayai bei gani." Hakucheka. Akafuta jina taratibu kwa ile rangi nyeupe, akapuliza ikauke, akanirudishia fomu. "Uje na jina la mtu atakayepokea, mzee."

Usiniambie nimwandike binti yangu. Yule ataacha kazi huko ng'ambo aje anikalie kichwani. Nilishamwambia nimepona, natembea kama swala. Usinichongee, ngoja kwanza nitembee.

Nisalimie shemeji, mwambie ujana wake aliupoteza kwa mtu asiyefaa na pole yangu iko pale pale. Nisalimie dada yako na mapacha wake, na yule mkwe wako dereva asiyejua kurudi nyuma. Mungu awatunze nyote, awape usingizi mzuri, na nyumba yenu isikose mtu wa kuitikia hodi.

Sasa binamu, nakuja kwenye langu. Ulipopasuliwa ngiri, ujanani, ukaona aibu hata baba yako asijue kwa sababu ya mahali penyewe ilipokuwa, nani aliandika "kaka" kwenye karatasi zako? Nani alilala benchini siku tatu, akamwambia mjomba kwamba tumekwenda kununua ngozi? Ulisema, "Soli, hii nitakulipa." Sijawahi kudai. Leo nadai.

Sikuiti uje. Safari ni ya siku mbili, na goti zima unalo moja. Nataka tu unikubalie niandike jina lako na namba yako. Jumanne ile asubuhi simu iwe na chaji, na usiiache jikoni kwa shemeji. Ikilia namba usiyoijua, pokea. Watakuuliza kama unanijua. Waambie ndiyo.

Ni mimi mtani wako, nikupendaye kuliko unavyostahili,

Soli