Mgomba wa Mama Mkwe Umehamia Mlimani

Nemba, Biharamulo

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Kabla hujaitikia, naomba kwanza unisamehe kwa kukaa kimya tangu mvua zianze. Najua umekasirika, ningekuwa wewe ningekasirika zaidi. Simu yetu ilikunywa maji siku ile nyumba ilipoanguka, na toka hapo kila nikishika kalamu, ama mtoto analia ama mimi mwenyewe nasinzia. Hata sasa Editha yuko mgongoni, na ninaandikia juu ya ndoo iliyopinduliwa. Je, mguu umeacha kukuuma? Maharage huko nyumbani Bugarama ya Ngara yamekubali? Sisi tu wazima wote, usimsikilize anayesema vingine.

Maji yalikuja mchana tukiwa shambani, ndiyo bahati yetu. Kile kijito cha nyuma ya nyumba, ulichokiruka ulipokuja kunitazama nilipojifungua, kiligeuka mto. Matofali mabichi unayajua, yakilowa yanarudi kuwa udongo. Tukapewa darasa la shule, sisi na majirani na mbuzi wao, na mbuzi mmoja akala kitenge changu cha harusi. Mama, nilikililia kitenge kuliko nyumba!

Baadaye kamati ya maafa ikaja kutoka mjini Biharamulo. Walisema mabati yapo, ila fungu ni dogo. Atapewa anayekubali kujenga huku juu kwenye mwinuko, kwa msingi wa mawe, na wakirudi wakute kuta zimesimama. Anayerudi bondeni hapati kitu, maana serikali haiwezi kuleta mabati kila masika ili maji yayachukue. Baba Editha alikubali pale pale. Mama mkwe akakataa.

"Mimi niliolewa bondeni," akamwambia afisa. "Sikuolewa mlimani."

"Bibi, maji hayaulizi mtu kaolewa wapi."

"Hata wewe hukuniuliza!"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi sikucheka. Baba Editha hawezi kumwacha mama yake peke yake kule, unamjua. Na tusipohama hakuna bati, na mvua nyingine zingemkuta mtoto wangu kwenye bonde lile lile.

Kumbe kilichomshika ni mgomba. Kitovu cha Baba Editha kilizikwa chini ya mgomba wa kando ya jiko, na maji hayakuung'oa. Nilimbembeleza siku nyingi. Mwishowe akafoka, "Mkitaka nihame, hamisheni na mgomba!"

Nikasema haya. Asubuhi nikamfunga Editha mgongoni, nikachukua jembe, nikaanza kuchimba chipukizi la pembeni. Akatoka mbio.

"Mama Editha! Unafanya nini?"

"Nauhamisha, mama. Si umesema mwenyewe?"

"Utaliua! Hivyo ndivyo mama yako alivyokufundisha kung'oa chipukizi?"

Hapo nisamehe, mama. Nikaendelea kuchimba vibaya kusudi.

"Lete hilo jembe! Wanawake wa Ngara nyie, mnalima kama mnafukuza panya!"

Akachimba mwenyewe, polepole, akalitoa chipukizi na udongo wake, akalifunga kwa majani makavu na kujitwika. Baba Editha alitaka kumpokea, akafukuzwa. Akapanda nalo mpaka kwenye kiwanja, akalipanda, akasimama akitweta. Kisha akanionyesha kwa kidole: "Mlango wa jiko uwe hapa, nikitoka niuone." Basi, nikajua tumehama. Tangu siku hiyo anabeba mawe ya msingi na kutugombeza sote, hata fundi.

Kamati iliporudi ilikuta kuta zimesimama. Mabati waliyotupa hayakutosha. Yamefunika chumba cha mama mkwe na jiko, sisi tuko chini ya turubai mpaka fungu lingine lifike. Kila siku ya gulio wanawake tunapita ofisini kwa mtendaji kuuliza. Akituona anainama kwenye meza kana kwamba anatafuta kitu. Tutazidi kupita. Nimechoka, sikufichi, lakini nasinzia sehemu ambayo maji hayafiki.

Limebaki jambo moja, na mama mkwe ndiye aliyenisukuma niandike. Mgomba wa Editha, uliozikiwa kitovu chake, uliondoka na maji. Hatukuona hata shina. Juzi alimtazama mjukuu wake, akaniambia, "Mtoto hawezi kukaa bila mgomba. Mwandikie mama yako. Wako wewe si bado umesimama kwake?"

Msalimie baba, shangazi anayekusaidia kuteka maji, na mdogo wangu wa kiume. Mwambie asome, asisingizie ana mawazo juu yangu. Bibi yangu mwambie Editha ameshaota meno yake mwenyewe, kwa hiyo yale machache yaliyobaki kwake bibi ayatunze.

Mimi mwanao anayekukumbuka,
Leonida, Mama Editha

Katekista wetu aliyekuletea barua hii atarudi na basi baada ya Jumapili. Tafadhali mpe:

mbegu ya maharage, yale mekundu, kiasi cha kibaba;

kitenge chochote kikuukuu cha kumbebea mtoto;

sufuria yako ndogo yenye mfuniko, kama hujaigawa;

na chipukizi moja la mgomba wangu, ule wa nyuma ya jiko lako. Lichimbe mwenyewe mama, na udongo wake. Shimo nimeshalichimba, upande wa pili wa mlango.