Viatu vya Watoto Siku ya Wafadhili

Wewe, hutaamini. Bosi wetu wa shirika leo kawaambia watoto wa chekechea wavue viatu. Wavue viatu, nakwambia.

Eti wafadhili wako njiani, na mtoto mwenye viatu hamgusi mtu moyo.

Anayasema hayo mbele ya shangazi yangu. Shangazi huyuhuyu aliyeanzisha chekechea na kina mama wenzake sebuleni kwake, enzi hizo bosi hata njia ya kufika pale haijui.

Shangazi hakupandisha sauti. "Viatu hivyo tumechangishana sisi wazazi. Wageni waje tushirikiane nao, siyo waje kutulilia. Kama lazima mtu awe peku, anza wewe."

Bosi akacheka, akidhani utani. Shangazi hakucheka. Watoto wote wakabaki wanamtazama miguu.

Kwa uchu wa kupata picha ya watoto peku, bosi akavua vyake ili wamfuate. Mwanamume mzima, soksi imetoboka, kidole gumba kinachungulia nje.

Mara gari likaingia. Mgeni wa kwanza, mama mmoja mpole, akawapita watoto na viatu vyao vinavyong'aa, akaenda moja kwa moja kwa bosi, akamshika mkono.

"Pole sana, baba. Na wewe unasaidiwa hapa?"