Mtihani Niliompa Rahma

Jumapili. Mvua inanyesha tangu alfajiri na kuta za chumba zinanuka unyevu.

Wasomaji wangu, niwieni radhi. Miezi minne sijaandika hapa. Sikuwa mgonjwa.

Niliona haya.

Nimo katika kamati ya walimu wastaafu inayochagua riwaya moja ya kusomwa na vijana ichapishwe. Mswada bora ulikuwa wa Rahma, msichana wa Kikwajuni mwenye miaka kumi na saba. Unamhusu mfanyakazi mdogo kuliko wote katika jiko la hoteli huko Uroa. Kitu kikipotea, yeye ndiye anayepekuliwa kwanza; kikionekana, hakuna anayemwomba radhi.

Niliusoma wote. Kisha nikasema kikaoni kwamba mtoto wa umri ule hawezi kuandika hivi, bila shaka ni kazi ya kaka yake anayesoma chuo kikuu huko Tunguu.

Tukamwita. Alituamkia mmoja mmoja. Nikampa kalamu, nikamtaka aandike ukurasa mmoja pale pale, nami nimemsimamia. Aliandika kurasa mbili, nzuri kuliko mswada wenyewe.

"Haya mwanangu, tumeridhika," nikamwambia.

"Bi Zuhura, na Mzee Haji naye mlimwandikisha ukurasa mbele yenu?"

Mzee Haji, wa miaka sabini, naye alileta mswada.

"Mzee Haji ana mvi, wewe," akadakia mwenyekiti. Tukacheka. Nami nilicheka.

"Basi chapisheni mvi zake," akasema Rahma. Akachukua mswada wake, akaaga kwa adabu, akaondoka.

Ni kweli, Mzee Haji hatukumpima. Sura zake mbili za mwisho zilionekana wazi kuwa za mkono mwingine, wala sikuuliza ni wa nani.

Nimefundisha miaka thelathini na tano. Ni vijana wangapi niliowaita waongo kwa kuwa kazi yao ilikuwa nzuri? Mmoja namkumbuka kwa jina. Sitaliandika.

Jana mama yake Rahma alinieleza kwamba mwanawe ataurudisha mswada iwapo nitamwomba radhi mbele ya kamati ile ile. Wenzangu wanasema mtoto haombwi radhi, ataota pembe. Kikao cha mwisho ni Jumatano.

Ninaweza kusimama niseme, au nipeleke barua ya kujiuzulu. Barua ni rahisi. Lakini kitabu cha Rahma hakitachapishwa kwa barua yangu.

Nikishaamua, nitaandika hapa. Msipoona kitu, jueni nimepeleka barua.