Mguu Wangu wa Kushoto na Spana ya Nasif

Jumanne, 9 Septemba 2025

Wageni tena. Wamekaa kitandani kwangu na maandazi yao, wanayakodolea macho machuma yanayouzunguka mguu wangu. Hajati Nusura, mama mkwe, ndiye anayewajibu maswali, maana mimi siku hizi sina mdomo. Eti mtu wa miaka thelathini na sita, mwenye mume na mtoto, anakubali kukatwa mfupa ili uvutwe urefuke – huko ni kumsahihisha Mungu. Eti mwanawe alinioa nikichechemea hivyo hivyo, wala hakulalamika.

Nataka miguu miwili iliyo sawa tu! Huu wa kushoto ulivunjika nikiwa na miaka saba, ukagoma kukua. Tangu hapo natembea kama mtu aliyekanyaga shimo. Sasa mgongo nao umeanza kuharibika. Nani anauliza habari za mgongo? Malizeni maandazi yenu mwende.

Alhamisi, 11 Septemba

Maumivu yamepungua, alhamdulillahi. Mara nne kwa siku mume wangu Nasif anashika spana, anazungusha nati robo robo ili mfupa uvutike polepole. Mwanzoni nilikuwa nauma mto. Sasa nasikia spana ikigusa, basi. Nati za nyuma sizifikii, za mbele siwezi hata kuzitazama, kwa hiyo kazi yote ni yake. Yeye pia ndiye anayenibeba kwenda bafuni. Mtaa wetu mzima wa Kawempe unamsifu. Nimechoka kusikia anavyosifiwa – halafu najichukia kwa kuchoka.

Jumatano, 17 Septemba

Eksirei. Daktari ameitazama picha, ameuliza kama najua ninachokichezea. Nafasi kati ya vipande vya mfupa haijaongezeka. Mfupa unajifunga ungali mfupi! Ukifunga kabisa, atakata upya, au nibaki hivi hivi maisha yangu yote.

Nimeapa kwamba tunazungusha. Nasif naye ameapa, kwa sauti kubwa kuliko yangu. Daktari ametutazama kama watoto walioiba sukari. Nilitaka kumrushia mkongojo.

Baadaye Nasif alitoka kutafuta boda. Sista Apio, akinifunga bandeji, amenong'ona kwamba nitie kitone cha rangi ya kucha juu ya kila nati, nione kama zinahama. Tena nisimwambie mtu. Nimekasirika – anamshuku nani? Lakini jioni, Nasif akiwa msikitini, nimetia. Za nyuma, ambako spana haifiki mkononi mwangu, nimezigusa kwa ncha ya brashi nikitazama kwenye kioo cha mwanangu Zuleika.

Alhamisi, 18 Septemba

Vitone viko palepale!

Alfajiri amesema bismillahi, amezungusha, amekwenda zake. Nimeangalia kwa kioo mara mbili. Viko palepale.

Mchana amerudi na spana yake. Safari hii sikufumba macho. Anazungusha mbele, halafu anarudisha nyuma. Kila nati. Polepole, kwa uangalifu, kama mtu anayefanya kazi ya maana.

Nimemkamata mkono. Nimemuuliza tangu lini. Dereva mzima wa malori ameketi sakafuni, analia. Ni wiki mbili sasa.

"Mama Zuleika, mi nashindwa," amesema. "We ulikuwa unalia kila siku, na mi ndo naumiza wewe. Na we ulikuwa tu sawa."

Sawa kwa nani? Nitamjibia mimi. Miaka kumi watu wanamwita mtu mwenye roho nzuri kwa sababu alioa kiwete. Siku nitakayotembea sawa, atakuwa mume tu kama waume wengine. Labda hajui kwamba ndilo linalomtisha. Mimi najua. Na hayo maumivu yalikuwa yangu! Niliyataka. Nani alimtuma aniibie?

Nimezungusha nati za mbele mwenyewe, macho wazi. Zimekuwa ngumu kama zimechomelewa.

Jumatatu, 29 Septemba

Benchi la wodini. Tunasubiri ruhusa ya kwenda nyumbani.

Wamekata upya wiki iliyopita. Maumivu yameanza upya yote, na hasira juu yake. Daktari ananisema bado: tulikuwa wazembe. Tulikuwa! Nasif anainamisha kichwa pamoja nami, hasemi kitu. Na mimi sijasema. Nimesubiri aseme yeye.

Hajati ameleta wali, akaniambia mfupa umemsikia Mungu kuliko mimi.

Sasa hivi Sista Apio ametoka na spana mpya. Ameuliza nani atakuwa anazungusha nyumbani. Nasif amesimama kabla sijavuta pumzi. "Mimi, Sista. Mi ndo mume wake."

Wanawake wa benchini wamefurahi mno. Wa pembeni yangu amenigusa bega, ameniambia nina bahati, mumewe alikimbia siku ya pili tu. Nasif amewashukuru kwa adabu. Ameshukuru!

Sista hakumtazama yeye. Ananitazama mimi. Nati za nyuma bado sizifikii. Chini kuna ngazi, na mgongo wa kunibeba ni wa Nasif. Nikisema hapa, namvua nguo mbele ya watu. Nikinyamaza, namrudishia mfupa wangu mkononi.

"Mama, nimpe?" Sista ameuliza.

Benchi zima limegeuka. Nasif amenyoosha mkono. Nimemwambia Sista angoje kidogo, kuna kitu naandika.